Mgeni wa Mchana katika Nchi ya Alasiri

Nchi ya Alasiri haimo katika ramani, na njia ya kwenda huko sitaieleza, kwa kuwa kila anayefika hufika kwa njia yake na wengi hawaikumbuki. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimestaafu majuzi tu kazi ya uofisa mipango wa wilaya, nikiwa na afya njema na ushauri mwingi. Mke wangu, baada ya kunisikiliza asubuhi kadhaa nikimweleza jinsi jiko lake lingeweza kupangwa vizuri zaidi, aliniuliza kwa upole kama nisingependa kutembea kidogo nikaone dunia. Nililichukua swali lile kuwa dalili ya mapenzi, nikafunga begi.

Sina budi kusema pia, maana jambo hili litarudi mbele, kwamba tangu nistaafu nilikuwa nikihudumiwa nyumbani kwangu kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona. Chai ililetwa kwa sinia, katika vikombe vya maua vile vya kabatini, kila kimoja na kisahani chake. Chakula kilifunikwa kwa kawa mpya. Nikiinuka, mke wangu huniambia, "Kaa tu, Baba Nuhu, usijisumbue." Niliona kwamba hatimaye utumishi wangu umetambuliwa, kama si na serikali basi na familia.

Langoni mwa mji mkuu wa Alasiri nilipokewa na Afisa Ugeni, Bwana Kitwana, mtu mwembamba aliyevaa koti licha ya joto lile. Niliambiwa baadaye kwamba amepita umri wa kustaafu zamani, lakini huahirisha kwa sababu hajapatikana wa kumrithi. Hakutaka kuona pasipoti. Aliniuliza swali moja tu: "Saa nne ya asubuhi huwa uko wapi?"

Nikajibu kwamba huwa ofisini.

"Huko ni ulikokuwa," akasema. "Nauliza sasa."

Nilifungua kinywa nikakifunga. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimetoa jibu sahihi, kisha akaninyooshea kiganja akaomba saa yangu ya mkononi. Kwetu mtu akistaafu hupewa saa ya ukutani, mbuzi na hotuba ndefu kutoka kwa mtu asiyemjua vizuri. Alasiri wanafanya kinyume. Mstaafu hunyang'anywa saa, na hurudishiwa siku atakapoweza kusema anasikia njaa bila kwanza kuutazama mkono wake. Bwana Kitwana alinihakikishia kuwa wengi hawarudi kuzidai, akanionyesha sanduku lililojaa saa, nyingine bado zinatembea.

Sheria kubwa ya nchi ile ni Sheria ya Ugeni. Nasikia ilitungwa baada ya malalamiko mengi ya kina mama waliofika mbele ya Baraza la Mchana wakiwa na sufuria mikononi. Hoja yake ni nyepesi. Mtu anayetoka alfajiri na kurudi jioni kwa umri wote wa kazi anaijua nyumba yake ya usiku tu. Nyumba ya mchana ni nyingine, ina watu wake na taratibu zake na majirani wanaoingilia mlango wa nyuma. Kwa hiyo anapostaafu si mwenye nyumba anayerejea kwake, bali ni mtu anayefika kwa mara ya kwanza mahali asipopajua. Sheria humwita mgeni wa mchana. Nayo haibagui: mwanamke aliyestaafu benki humbishia hodi mumewe fundi cherehani, na mume humkaribisha akimwonyesha mahali pa kuweka viatu.

Mgeni wa mchana anatakiwa atoke kunapokucha, aizunguke nyumba, kisha abishe hodi. Akikaribishwa huketi kwenye kiti cha wageni. Hafunui chungu. Haulizi kitu hiki kimewekwa hapa na nani. Hatoi ushauri mpaka aombwe, na sheria inaeleza kwamba kuguna nako ni ushauri. Hata jina lake la nyumbani halitumiki mpaka jua lizame. Wenyeji nao wana wajibu wao, nao ni kumpa heshima zote za mgeni: hatumwi, habebi, haoshi, na cha kwake huja kwa sinia. Ukali wa sheria uko hapo, ingawa siku ile mimi niliona ni upole mtupu.

Ugeni huchukua msimu mmoja wa mvua. Ukimalizika, wajumbe wa Baraza huja nyumbani kunywa chai, na wenyeji ndio wanaoamua bila kutamka neno. Mstaafu akiletewa kikombe cha wageni, basi bado ni mgeni, na kwa kuwa mgeni hawezi kukaa siku zote, hupelekwa Idara ya Mambo Yaliyobaki. Ataendelea kutoka alfajiri na kurudi jioni mpaka mwisho wa maisha yake. Akiletewa kikombe cha nyumbani, kile kilichobonyea, mchana wa nyumba ile umekuwa wake pia.

Bwana Kitwana alinipangia nikae kwa Bi Mishi, mama mpika vitumbua wa mtaa wa juu, ambaye mumewe alikuwa katika wiki za mwisho za ugeni. Mume mwenyewe aliitwa Bwana Shekue, na alikuwa amestaafu cheo cha Mkuu wa Foleni. Lazima nieleze kwamba Alasiri foleni ni jambo la serikali. Kila penye watu watatu wanaotaka kitu kimoja, afisa wa foleni hufika na fimbo nyeupe kuwapanga, na Bwana Shekue ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote. Alikuwa na kifua kipana, sauti ya kuamrisha na macho yasiyotulia. Nilimpenda mara moja, kwa kuwa alinikumbusha mtu ninayemwona kila asubuhi nikinyoa ndevu.

Basi tukawa wageni wawili kwenye baraza moja, kila mmoja na kiti chake, mimi niliyetoka mbali na yeye aliyeijenga nyumba. Kulipokucha alibisha hodi mlangoni kwake kwa sauti ya unyonge, Bi Mishi akajibu, "Karibu, mgeni, karibu ndani," na tukaletewa chai inayofanana, katika vikombe vyeupe. Mimi nilikunywa kwa raha. Yeye alikishika kikombe kama mtu aliyekabidhiwa kitoto cha ndege. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba jiko liko upande mbaya wa upepo, kwamba kuni zimepangwa bila utaratibu wowote, na kwamba kuna njia fupi zaidi kutoka kisimani, lakini yote hayo haruhusiwi kuyasema. Nilimwonea huruma sana.

Kila asubuhi wateja wa Bi Mishi walijazana barazani. Sijaona fujo ya namna ile. Walisimama popote, wakapitishiana sahani juu ya vichwa, wakaulizana habari za wagonjwa na za mahari, na anayekuja wa mwisho mara nyingi ndiye aliyehudumiwa wa kwanza kwa sababu ana habari mpya. Bwana Shekue alizitazama asubuhi hizo huku mguu ukimtetemeka. Siku moja Bi Mishi alikwenda kisimani, akachelewa kidogo, na uvumilivu wa mumewe ukaisha. Aliingia chumbani akatoka na fimbo yake nyeupe. Alipangua ule umati akaunyoosha kuanzia kizingitini mpaka kwenye mtaro, akawapa vipande vya kadibodi vyenye namba, akamweka mtu wa kwanza mbele ya meza na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kusubiri. Bi Mishi aliporudi aliwakuta wamenyooka kama mistari ya daftari. Vitumbua viliisha upesi kuliko siku zote, na watu wakaondoka kimya kimya.

Bwana Shekue aliniangalia kwa fahari. Nami nakiri nilimpongeza, maana kwa macho ya mtu wa mipango kazi ile ilikuwa safi.

Kesho yake walikuja wachache. Keshokutwa wachache zaidi, na vitumbua vikabaki kwenye ungo mpaka adhuhuri, vimepoa. Hakuna aliyelalamika. Vitumbua vinapatikana hata mtaa wa chini. Walichokuwa wanakifuata kwa Bi Mishi ni kile kusukumana na kusikilizana, na Bwana Shekue alikuwa amekiondoa kwa nusu saa moja ya ustadi. Bi Mishi hakumgombeza. Alasiri ile alituletea chai katika vikombe vingine ambavyo sikuvijua, vyembamba, vyenye ukingo wa fedha.

"Unaona," Bwana Shekue akaniambia, "ameelewa."

Bwana Kitwana, aliyepita jioni kukagua, alivitazama vile vikombe akavuta pumzi. Alinieleza pembeni kwamba katika nchi yao heshima ikipanda ghafla ni habari mbaya. Mwenyeji aliyekasirika na mtu wa kwake hupiga kelele. Aliyekata tamaa naye hutoa vyombo vya harusi. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya kawaida, vikombe vya maua vina maana gani. Akaniuliza kama vina visahani. Nilipomwambia vinavyo, alinishika bega. Usiku ule sikula vizuri.

Ili kujituliza nilimwomba Bwana Shekue anipeleke kuiona Idara ya Mambo Yaliyobaki. Yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kwenda, kwa sababu amesikia viti vyao vina magurudumu. Ni jengo kubwa lenye ngazi nyingi. Ndani tulikuta watu wazima wenye heshima zao wakipita na majalada, makatibu wakigonga mihuri, na mlangoni mwa kila chumba mtu amesimama akisubiri mtu mwingine. Tulialikwa katika kikao. Ajenda ilikuwa kupanga tarehe ya kikao kijacho, na mjadala ulikuwa mkali, kwa kuwa wengine walitaka kwanza ipatikane kamati ya kupendekeza tarehe. Nilijikuta nimenyoosha mkono. Nilitoa hoja kwamba kamati hiyo iwe ndogo, hoja ikapokewa vizuri, mwenyekiti akanishukuru kwa jina, na mwili wangu ukapata joto ambalo sikuwa nimelisikia tangu nistaafu. Tulikunywa soda. Tulipotoka nje ndipo nilipotambua kwamba majalada yale yote ni matupu na mihuri haina wino, na kwamba kwa muda wote ule sikuona tofauti yoyote na ofisi niliyotoka.

Bwana Shekue alitembea nami mpaka karibu na kwao. Kisha akasema kwamba viti ni vizuri kweli. Akasema pia kwamba yule mwenyekiti zamani alikuwa jirani yake, na leo alipomwuliza habari za mke, mwenyekiti alijibu, "Ni mzima, nadhani." Neno hilo "nadhani" lilikuwa limemkaa.

Wiki ile Baraza la Mchana lilikuwa na kikao cha hadhara, nikahudhuria. Suala lilikuwa usingizi wa mchana: je, ni shughuli au si shughuli? Upande mmoja ulidai kwamba usingizi wa mchana ni utamu unaoibwa kutoka kazini, na asiye na kazi hana cha kuiba, kwa hiyo huyo analala tu kama mzigo. Upande wa pili, wenye wazee wengi zaidi, ulijibu kwamba wao wamelala usingizi huo tangu wastaafu na utamu wake hauna kasoro. Mjumbe mmoja alipotakiwa kutoa kura alikutwa amesinzia, na kila upande ukamtumia kama ushahidi. Hatimaye ikaamuliwa kwamba usingizi wa mchana unaruhusiwa, mradi anayeamka aseme alikuwa anafikiri. Kwa upande wangu niliona ni uamuzi wa haki.

Niliporudi nilimkuta Bwana Shekue kwenye kiti chake, lakini hakutetemesha mguu. Aliniashiria ninyamaze. Kutoka uani ilikuja sauti ya mwanamke anayeimba, taratibu, maneno machache yanayorudiwa, na kinu kikimfuatisha. Tulisikiliza mpaka kinu kikaacha.

"Sikujua kwamba huimba," akasema. "Nimemwoa msichana, sasa ana wajukuu, na sikujua. Huanza jua likifika kwenye lile tofali lililovunjika. Jana pia, na juzi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi saa hizi nilikuwa nawapanga watu."

Kuanzia hapo alianza kuutazama mchana kama mtu aliyefika mji mpya. Aliniambia paka hulala wapi na huhama lini. Aligundua kwamba jirani wa kushoto huleta mtoto wake kila siku baada ya kufua, na kwamba kuni alizoziona hazina utaratibu zimepangwa kwa kadiri zinavyowaka, nyepesi mbele, nzito nyuma. Siku nyingine aliacha kuniambia akabaki anatabasamu peke yake, na mimi nikawa namwonea wivu kidogo. Alasiri moja alisema anasikia njaa. Sote wawili tuliutazama mkono wake mtupu, tukacheka.

Bi Mishi aliyaona mabadiliko hayo, lakini hakushusha vikombe. Nilipata nafasi ya kuzungumza naye siku moja nilipokuwa nimejitolea kumpelekea ungo uani, jambo ambalo kisheria si ruhusa. Nilimwuliza, bila kuzungukazunguka, kama atampeleka mumewe Idara.

"Shemeji, mimi simchukii," akasema. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho. "Jioni tunapatana sana. Akienda Idara nitampata jioni kama zamani, na vitumbua vyangu vitauzika. Lakini huu mchana nimeujenga peke yangu, kidogo kidogo, tangu watoto wakiwa mgongoni. Sasa amekuja mtu anataka nusu yake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuunyoosha."

Nikamwambia kwamba sasa amekuwa msikilizaji mzuri. Akajibu kwamba hata wageni wazuri husikiliza. Kwake swali lilikuwa kama mtu huyu anaweza kukaa ndani ya fujo yake bila kuona kuwa ni fujo. Nikarudi barazani.

Asubuhi iliyofuata Bwana Shekue alifanya jambo moja. Alikichukua kiti chake cha wageni, kilichokuwa kimekaa katikati ya baraza mahali ambapo zamani wateja walisimama, akakisogeza hadi ukutani. Vile vipande vya kadibodi vyenye namba akavitia mwenyewe chini ya chungu, vikawaka. Kisha akapita nyumba hadi nyumba mtaani. Sijui aliwaambia nini, ila jirani wa kushoto alinisimulia kwamba aliomba radhi kwa maneno machache na akaacha fimbo yake kwake iwe mti wa kuanikia nguo. Siku mbili baadaye watu walijazana tena. Kulikuwa na kelele, sahani zilipita juu ya vichwa, na katika kusukumana mwanamke mmoja aliyekuwa na haraka ya kuhesabu vitumbua vyake alimgeukia aliyekuwa karibu naye akampakatisha mtoto. Aliyekuwa karibu ni Bwana Shekue. Mtoto alimshika sikio. Yeye alisimama pale, umati ukimgonga kila upande, bila kumpanga mtu hata mmoja, na nilimwona Bi Mishi akimtazama juu ya karai la mafuta kwa muda mrefu kuliko kitumbua kinavyoweza kustahimili. Kile kimoja kiliungua.

Siku ya chai ikafika. Bwana Kitwana alikuja na wajumbe wawili wa Baraza, mzee mmoja mwenye ndevu na mama mmoja mnene aliyependa kucheka. Waliketi barazani pamoja nasi. Bwana Shekue alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mikono magotini. Jana yake jioni alinieleza kwamba viti vyenye magurudumu havimtamanishi tena hata kidogo. Anachoogopa ni kuwa jua litafika kwenye lile tofali na yeye atakuwa kikaoni.

Bi Mishi akatoka na sinia. Nilivitambua vikombe kabla hajafika: ni vile vyenye ukingo wa fedha. Sikuweza kumtazama mwenzangu. Bi Mishi akainama, akampa kimoja mzee mwenye ndevu, kimoja yule mama, kimoja Bwana Kitwana na kimoja mimi. Kisha akasimama mbele ya mumewe, na sinia lilikuwa tupu.

Bwana Kitwana aligeuza kichwa mara mbili, akimtazama Bwana Shekue na sinia, kwa kuwa sheria yao ina kikombe cha wageni na kikombe cha nyumbani, na haikuwahi kufikiria mtu asiye na kikombe.

"Na wewe, Baba Sauda," Bi Mishi akasema, mchana kweupe, "umekaa tu unatazama? Sukari imekwisha. Pita kwa jirani uniazimie, na ukirudi nina mchele haujapepetwa."

Bwana Shekue aliinuka upesi hata kiti kikaanguka nyuma yake, na alikuwa ameshafika barabarani kabla hajakumbuka kwamba hana viatu. Hakurudi kuvichukua.

Bwana Kitwana alijaribu kusema kwamba utaratibu haukufuatwa, kwamba kikombe hakikuonekana, na kwamba huenda ikabidi suala lirudishwe Barazani kwa tafsiri. Yule mama mnene alikuwa anacheka mpaka chai inamwagika. "Kitwana, mgeni hatumwi sukari," akamwambia. Mzee mwenye ndevu akakubali, na ndivyo hukumu ilivyopita. Walipokuwa wanaaga, Bi Mishi alimwuliza Bwana Kitwana kwa adabu kwamba yeye je, anastaafu lini. Akavuta koti lake akajibu kuwa atakuwa tayari mara tu atakapomaliza mambo yaliyobaki. Kisha akashuka ngazi akisahau mwavuli wake.

Nilimwacha Bwana Shekue uani, amekaa juu ya kibao, akipepeta vibaya. Nusu ya mchele ilikuwa chini na kuku walikuwa wanamshukuru. Bi Mishi alimwambia ashushe mkono. Sijaona mtu aliyekosolewa akiwa na furaha kiasi kile. Nilipopita langoni niliulizwa kama nataka saa yangu, nikasema waiache sandukuni.

Nyumbani nilibisha hodi. Mke wangu alifungua mlango akaniuliza kwa nini nabisha kwangu, nikajibu kwamba sikuwahi kufika hapa saa nne ya asubuhi kama mtu anavyostahili kufika. Alinitazama kwa wasiwasi, akanikalisha, akaenda kabatini. Kikombe cha maua kikaja na kisahani chake. Nilikunywa nikashukuru. Kuhusu jiko sikusema neno, wala sikuguna.

Imekuwa kazi ya polepole, na sitajifanya kwamba naiweza vizuri. Nilikaa uani nikatazama. Nimejua muuza maziwa ana jina, na kwamba kila anapopita huulizwa habari za mguu wake. Nimejua kwamba Mama Nuhu husikiliza taarabu kwenye redio akiwa peke yake na huzima ninapokohoa, basi nikajifunza kutokohoa. Siku moja kisahani hakikuja. Baadaye kikaja kikombe cha kioo, na wiki iliyopita nilipewa chai katika kile cha bati chenye mkono uliobanduka rangi, ambacho nilidhani kilitupwa zamani. Nilikishika kwa mikono miwili, na nasema wazi kwamba machozi yalinilengalenga, ingawa mke wangu alidhani ni moshi.

Nilikusudia kuimaliza taarifa hii kwa mapendekezo, kama nilivyozoea katika taarifa zangu zote, na nilikuwa nimeshayaandaa yale ya mwanzo. Lakini mawingu yamefunga upande wa mashariki, matone ya kwanza yanagonga bati, na kutoka uani nasikia sauti inaita, bila tafadhali na bila samahani, "Baba Nuhu, nguo kambani."

Naenda.